Meneja Akisimulia Mfumo Wake

Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Na kauli hii hudhihirika hasa pale meneja anapohojiwa kuhusu mfumo wa mtandaoni aliouleta yeye mwenyewe ofisini. Mkurugenzi aliyeidhinisha fedha, kisha akawaamuru watumishi waache majalada na kuombea likizo zao kwenye kompyuta, hawezi kuwa shahidi asiye na upande. Wala haifai kumtupa kwa sababu hiyo, maadamu mengi ayajuayo hayapatikani kwa mwingine. Basi asomaye utafiti wa namna hii, unaotegemea masimulizi badala ya hesabu, na atazame mtafiti alimsikiliza kwa hadhari gani.

Wanda Orlikowski alichunguza, kabla tovuti hazijaenea, jinsi kampuni kubwa ya ushauri ya Marekani ilivyoipokea Lotus Notes, programu iliyokusudiwa kuwashirikisha watu maarifa, na matokeo akayatoa mwaka 1992. Mkuu wa teknolojia aliamini kwamba manufaa ya chombo yangejidhihirisha yenyewe, akahimiza kigawanywe upesi. Lau mtafiti angeishia kwake, tungesoma habari ya ushindi mtupu. Aliposhuka kwa washauri, alikuta kwamba saa za kujifunza programu hazikuweza kutozwa mteja yeyote, na kwamba, vyeo vikipatikana kwa kushindana, ajuaye jambo hakuwa na sababu ya kumpa mwenziwe. Saa isiyolipiwa ni jambo dogo kwa jicho la ofisi kuu, nalo ndilo lililofumbua mengi.

Wako wasomaji ambao huuliza kwanza idadi ya waliohojiwa. Swali hilo, kwa maoni yangu, limepewa heshima isiyo yake. Greg Guest na wenziwe, mwaka 2006, walipoyapitia mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, waliona kwamba dhana za msingi zilikwisha kujitokeza katika 12 ya mwanzo. Lakini hao walikuwa watu wa hali zinazolingana, na hesabu hiyo haimwokoi mtafiti aliyechanganya wakurugenzi, makarani na mafundi.

La maana zaidi ni shauri la Yvonna Lincoln na Egon Guba, katika kitabu chao cha 1985, kwamba mtafiti awarudie waliohojiwa na tafsiri yake, na amtafute yule ambaye habari zake zinapingana na za wengine. Hilo la kwanza lina mtego wake kwa wakubwa: meneja akisomewa tafsiri isiyompendeza huenda akaikana, na kukana kwake ni ushahidi mwingine wa kupimwa, si hukumu. Hilo la pili ndilo aghalabu huachwa. Ripoti ikinyamaza kuhusu nani aliyemchagulia mtafiti watu wa kuhoji, msomaji ana haki ya kushuku, kwani orodha itokayo mezani kwa mkuu ni nadra kuwa na jina la karani ambaye, mwaka wa pili wa mfumo, bado anachapisha kila fomu ya mtandaoni, anaipeleka kutiwa sahihi kwa kalamu, kisha anaifungia jaladani.