Fahamu: Kupima kama programu za afya zinaelewana

Ni upimaji wa kuhakikisha kuwa programu ya hospitali inatuma na kupokea taarifa za mgonjwa kwa muundo uliokubaliwa, ili programu nyingine izisome bila kubahatisha.

Kinachokaguliwa

Kiwango kinachotajwa zaidi siku hizi ni FHIR, cha shirika la HL7 lililoanzishwa Marekani mwaka 1987. Zana ya majaribio huomba rekodi ya mgonjwa wa kubuni, kisha huchambua jibu. Je, tarehe ya kuzaliwa imeanza na mwaka? Kipimo cha damu kina msimbo wake, na kizio? Hicho kizio si urembo: sukari ya damu ya milimoli 6 kwa lita ni ya kawaida, lakini ya miligramu 6 kwa desilita ni ya mgonjwa mahututi. Maombi yasiyo na idhini nayo hujaribiwa kwa makusudi, na programu inapaswa kuyakataa.

Nani hupima

Marekani hutumia zana huria ya Inferno katika kuidhinisha programu. Nalo shirika la IHE huandaa mikutano ya Connectathon, ambako wahandisi wa kampuni shindani huunganisha mifumo yao.

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 iliunda wakala wa kusimamia mfumo jumuishi wa taarifa za afya.

Mipaka yake

Kufaulu si cheti cha ubora. Sehemu nyingi za FHIR ni za hiari, hivyo nchi huandika masharti yake ya ziada. Na karani akikosea jina, muundo sahihi utalisafirisha kosa hilohilo.