Saa ya Kumwachia Mtoto

Saa ya mkono inayonunuliwa leo ili mtoto aje kuivaa baada ya miaka ishirini au thelathini huchaguliwa kwa kigezo kinachotangulia bei na jina: fundi wa wakati huo awe na uwezo wa kuifungua na kuitengeneza.

Saa nyingi za betri huongozwa na kijiwe cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi, Seiko Astron, iliingia sokoni Tokyo Desemba 1969. Kwa kushika majira saa za kwatzi hazina mpinzani, kwani hukosea sekunde chache tu kwa mwezi. Udhaifu wake ni kibao cha umeme kilicho ndani. Kikifa, hakuna fundi awezaye kukichonga upya, na kiwanda kikiacha kukitengeneza, saa nayo imekwisha. Tena betri iliyosahauliwa kabatini huvuja na kuozesha mitambo.

Saa ya kamani ni tofauti. Nguvu yake hutoka kwenye ukanda wa chuma uliosokotwa, ambao hufunguka polepole na kuzungusha magurudumu yenye meno. Kila kipande kinaonekana, na fundi stadi aweza hata kukichonga kipya. Ndiyo sababu saa za mfukoni za karne ya 19 zingali zikitembea. Ni kweli hukosea zaidi: hata zilizopimwa na kupewa cheti rasmi Uswisi huruhusiwa, kwa wastani, kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Kwa saa ya urithi, hilo ni gharama ndogo.

Si lazima mzazi akope ili anunue Rolex. Seiko 5, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1963, hujitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, na mafundi wengi wanaijua. Ina jambo moja zuri sana kwa zawadi ya namna hii: katika namba iliyochapwa mgongoni, kwa kawaida tarakimu ya kwanza ni ile ya mwisho ya mwaka saa ilipotengenezwa, na alama inayofuata ni mwezi. Mzazi mvumilivu anaweza kutafuta iliyotoka kiwandani mwezi aliozaliwa mwanawe.

Kasha la chuma cha pua ni bora kuliko lililopakwa rangi ya dhahabu, ambayo hubanduka kwa jasho. Kioo cha yakuti ni vigumu kukwaruzika. Umbo liwe la kawaida, kipenyo kati ya milimita 36 na 40, kwa kuwa mitindo mikubwa hupitwa haraka. Mkanda usimsumbue mtu, maana hubadilishwa.

Maji ndiyo adui mkubwa, hasa pwani. Maandishi ya mita 30 humaanisha matone ya mvua na kunawa, si kuogelea. Mipira ya kuzuia maji hukakamaa, hivyo ibadilishwe kila saa inapofunguliwa kusafishwa na kutiwa mafuta, takriban kila miaka mitano. Fundi aombwe asiling'arishe kasha, kwani kila kung'arisha hulipunguza.

Risiti na karatasi zake zihifadhiwe, na jina la mtoto lichongwe mgongoni. Kisha mzazi aivae mwenyewe hadi siku ya kuikabidhi: saa ya kamani inayofungiwa miaka mingi hugandiwa na mafuta yake.