Ua la Tanga Lililotuzwa Ugenini

Mcheza kwao hutuzwa, wasema wahenga. Liko ua moja la Tanga lililotuzwa kila mahali isipokuwa kwao.

Ni mmea mfupi wa majani manene yenye vinyweleo na maua ya zambarau. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa na ofisi yake Tanga, aliukuta kwenye nyufa za mawe ya chokaa karibu na mji na katika misitu ya Usambara, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, akauita Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu wakauhamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, na jina la bwana mkubwa likaondoka kwenye jina la jenasi. Hata vyeo vya kikoloni huisha muda.

Huko ugenini ua lilineemeka. Kuanzia 1927 wakulima wa maua wa Los Angeles walilifanyia biashara, na mwaka 1946 wapenzi wake Marekani wakaunda chama. Leo aina za chunguni ni maelfu. Mkazi wa Raskazone, mtaa wa Tanga, huenda akaliona upesi zaidi dirishani London kuliko barazani kwa jirani.

Wingi huo haulindi mmea wa porini. Maua ya chunguni yametokana na mbegu chache za mwanzo. Tofauti nyingi za asili zimebaki miambani Usambara, Nguru, Uluguru na Taita. Huko mmea hushika udongo haba katika kivuli na unyevu. Mti wa juu yake ukikatwa, jua hupiga mwamba na mmea hukauka, hata kama hakuna aliyeugusa. Kundi zima laweza kuwa kwenye jabali moja tu, kwa hiyo shoka moja latosha.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa 1997, inalinda sehemu ya makazi hayo. Misitu hiyo hiyo hulisha Mto Zigi, ambao maji yake hufika mabomba ya Tanga kupitia bwawa la Mabayani. Kwa hiyo asiyejali maua walau ana kiu.

Anayelitaka ua barazani anunue la chunguni, asiling'oe mwambani. Na kabla ya kukata mti ulio juu ya jabali, tuangalie kwanza unakipa kivuli kitu gani.