Je, Wajua? Vidole Viwili vya Likasi

Je, wajua kwamba wapiga fidla mahiri wakizibwa macho hushindwa kutofautisha fidla ya miaka 300 na ile iliyotoka juzi kwa fundi?

Mwaka 2010 wapiga fidla 21 waliingia mmoja mmoja katika chumba cha hoteli chenye mwanga hafifu, mjini Indianapolis, Marekani. Kila mmoja alipewa fidla sita azijaribu: tatu mpya na tatu za Italia ya zamani, kazi za Antonio Stradivari na Guarneri del Gesù, ambazo bei yake ni mamilioni ya dola. Walivishwa miwani ya mafundi wa kuchomelea, ya aina ile ile utakayoikuta katika karakana yoyote ya Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, na penye kidevu pakapakwa manukato ili harufu ya mbao kuukuu isitoboe siri. Wengi walichagua mpya. Fidla iliyokataliwa kuliko zote ilikuwa Stradivari.

Wenye jaribio hilo walikuwa Claudia Fritz, mtafiti wa Ufaransa, na Joseph Curtin, fundi wa fidla wa Marekani. Wakosoaji walisema chumba cha hoteli si ukumbi wa muziki, na walikuwa na haki. Basi mwaka 2012 watafiti hao wakarudia jaribio karibu na Paris, safari hii kwa wapigaji 10 wa kiwango cha juu kabisa na fidla 12. Sita kati ya hao kumi walisema wangeondoka na fidla mpya. Walipoulizwa ipi kuukuu na ipi mpya, walibahatisha tu. Wala si wote wanaohitaji kuzibwa macho ili wakubali: Christian Tetzlaff, Mjerumani anayejaza kumbi za Ulaya na Marekani, aliwahi kupiga Stradivari, akaiacha kwa hiari yake, akashika fidla ya fundi aliye hai, Stefan-Peter Greiner.

Wapiga gitaa wamepimwa vivyo hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walitengenezewa magitaa sita yanayofanana kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na mbavu, kisha wakawaita wapigaji 52, nao wakavalishwa miwani ya kuchomelea. Gitaa moja lilikuwa la mti wa thamani wa Brazili ambao biashara yake imebanwa na sheria za dunia kwa sababu unakaribia kwisha. Jingine lilikuwa la sapele, mti wa misitu ya Afrika, Kongo ikiwemo, ambao bei yake ni ya kawaida. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba wapigaji hawakuona tofauti ya maana.

Katika gitaa, ubao wa mbele ndio wenye kazi. Uzi peke yake hausikiki. Ni mwembamba mno kusukuma hewa. Ukipigwa, hulitikisa daraja, nalo hutikisa ubao wa mbele wenye unene wa milimita tatu hivi, na ubao huo ndio unaosukuma hewa hadi sikioni mwako. Ubao huo huo unavutwa na nyuzi sita za chuma kwa nguvu ya kilo 70 na ushei, uzito wa mtu mzima. Ukiwa mnene sana, gitaa huwa bubu. Ukiwa mwembamba sana, hupasuka. Ufundi wote umo humo.

Ila gitaa lina upungufu ambao fidla haina. Upinde wa fidla huushika uzi na kuuachia mara mamia kwa sekunde, kwa hiyo sauti huendelea kadiri mkono unavyovuta. Sauti ya gitaa huanza kufa mara tu kidole kinapoachia. Mpigaji wa gitaa peke yake, bila ngoma wala besi, ana kazi ya kuujaza huo ukimya unaoingia kila mara.

Hapo ndipo Likasi inapoingia katika historia. Februari 1952, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville, Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alikutana na kijana mwenye gitaa barabarani. Alikuwa Mwenda Jean-Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji mkuu wa Bayeke, watu wa Msiri aliyetoka Unyamwezi karne ya 19. Tracey alirekodi nyimbo kadhaa, mojawapo Masanga. Rekodi hiyo ilipata tuzo ya Osborn mwaka ule ule, na santuri za Gallotone zikaufikisha mkono wa Bosco kila penye gramafoni, kuanzia Rodesia hadi Kenya.

Gitaa lake halikuwa na historia wala nasaba. Lilikuwa gitaa kavu, yaani lisilo na umeme, la aina iliyouzwa madukani mwa miji ya migodi. Sikiliza Masanga ukidhani kuna watu wawili. Wengi walidhani hivyo. Kuna kidole gumba na kidole cha shahada, basi. Gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, juu na chini, bila kukoma, kama mtu anayejua anakokwenda. Cha shahada kinapiga wimbo kwenye nyuzi nyembamba, lakini hakifuati nyayo za gumba: kinaingia kati ya mapigo, mara kimetangulia, mara kimechelewa kidogo. Kila noti ya juu inapoanza kufa, ya chini inaipokea. David Rycroft wa Chuo Kikuu cha London aliyaandika mapigo hayo noti kwa noti katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Ni kazi ya kutoa jasho, maana mkono ulioyafanya haukuwahi kuyasoma popote.

Mwaka 1959 Bosco alikuwa Nairobi, akiimba matangazo ya dawa ya Aspro. Vijana wa magharibi mwa Kenya walimsikiliza redioni na kumwiga. Binamu yake, Edouard Masengo, naye alijenga jina lake huko huko. Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Miaka kumi baadaye John Low, mpiga gitaa kutoka Uingereza, alifunga safari hadi Katanga kukaa naye na kujifunza, kisha akaandika kitabu, Shaba Diary. Kwa maoni yangu safari hiyo ni ushahidi kuliko tuzo yoyote. Low angeweza kununua gitaa zuri kuliko lolote la Likasi, na bado ilimbidi akavitazame vile vidole kwa macho yake. Bosco alifariki katika ajali ya gari Septemba 1990.

Likasi ina mkono mwingine katika sauti ya gitaa, ingawa ni wa mbali. Nyuzi nene za gitaa kavu ni chuma kilichoviringiwa uzi mwembamba wa shaba nyeusi, mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni shaba yenyewe. Kiwanda cha Shituru, pale pale mjini, kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929. Jasho la vidole na vumbi huila shaba hiyo, ndiyo maana uzi mpya unalia kwa ukali na uzi wa miezi sita unanung'unika. Watu wengi hulaumu gitaa wakati kosa ni la nyuzi.

Na kuna kiangazi. Likasi iko juu ya uwanda wa mita 1,300 hivi, na kuanzia Mei hadi Septemba hewa hukauka. Mbao hupoteza unyevu na kusinyaa kwa mapana, kukatisha nyuzinyuzi zake. Ubao wa mbele hushuka, nyuzi hukaribia shingo na kuanza kuzomea, na ncha za vyuma vya shingo huchomoza pembeni hata zikakwaruza kiganja. Gitaa likifika hivyo, liweke ndani ya mfuko wake pamoja na kitambaa chenye unyevu ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, kisiguse mbao. Na ukitaka kununua jipya, nenda dukani mwezi wa Agosti: lililofika Agosti bila ufa wala kuzomea lina nafasi nzuri ya kukudumu.