Nyumba ya Mbao Iliyohamishwa Isizame Majini

Mwishoni mwa miaka ya 1960 bonde moja katika jimbo la Kent, kusini-mashariki ya Uingereza, lilikusudiwa kujazwa maji ili liwe hodhi kubwa la Bough Beech. Huko, karibu na kijiji cha Chiddingstone, ilisimama nyumba ya wakulima iitwayo Bayleaf, ambayo sehemu yake ya kwanza ilijengwa mwanzo wa karne ya 15. Kama ingalikuwa ya mawe, kuiokoa kungalikuwa kazi ngumu zaidi. Lakini nyumba hiyo ni ya mbao, na namna ilivyoundwa ndiyo iliyoiokoa.

Katika nyumba za namna hii kuta hazibebi paa. Mzigo wote huchukuliwa na kiunzi cha mwaloni. Maseremala wa zamani waliuchonga mti huo ungali mbichi, kwa kuwa ukikauka huwa mgumu mno kwa shoka na patasi. Mwisho wa boriti ulichongwa ulimi, nao ukaingizwa katika tundu la nguzo, kisha kiungo kikakazwa kwa msumari wa mti, wala si wa chuma. Kitobo cha ulimi kilipishana kidogo na kile cha nguzo, hata msumari ulipogongwa uliuvuta ulimi ndani zaidi.

Kiunzi kiliundwa kwanza chini, katika uwanja wa seremala. Kila kipande kilitiwa alama, kisha vyote vikafunguliwa, vikachukuliwa kwa mkokoteni na kusimamishwa mahali pa nyumba. Boriti za chini zililazwa juu ya ukuta mfupi wa mawe ili unyevu wa ardhi usizioze. Nafasi baina ya nguzo zilijazwa fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi.

Katikati ya nyumba mlikuwa na ukumbi mkubwa usio na dari, na moto uliwashwa sakafuni. Bomba la moshi halikuwako. Moshi ulipanda wenyewe na kutokea paani. Ndiyo maana vyumba vya juu vilijengwa katika ncha mbili za nyumba tu. Ncha moja ilikuwa na vyumba vya kuwekea vyakula na vinywaji. Ya pili ilikuwa ya mwenye nyumba na jamaa zake. Madirisha hayakuwa na vioo, bali nguzo nyembamba za mti na mbao za kufungia. Kwa mbele vyumba vya juu vilitokeza nje kuliko ukumbi, na vyote vikafunikwa na paa moja. Nyumba za umbo hili huitwa za Weald, kwa jina la sehemu ile ya nchi ambako ziko nyingi.

Tangu karne ya 16 watu walianza kujenga mabomba ya moshi, nao wakatia dari katika kumbi zao. Kwa hiyo nyumba nyingi za kale zilibadilika sura, hata mpita njia hazitambui. Lakini apandaye paani huona makombamoyo yaliyojaa masizi, nayo ni ushahidi kwamba zamani moto uliwaka chini yake pasipo dari.

Bayleaf ilifunguliwa kipande kwa kipande mwaka 1968 na 1969, misumari ya mti ikitolewa na viungo kuachanishwa. Kampuni ya maji iliitoa nyumba hiyo kwa makumbusho ya majengo yaliyoko Singleton, katika Sussex, na mwaka 1972 ilisimama tena huko, ukumbi wake ukiwa wazi hadi paani kama zamani. Hivyo kazi ya maseremala, ambao majina yao hayajulikani tena, ilipata kusalimika. Walikuwa wameijenga nyumba hiyo kwa kuunganisha vipande, na kwa njia iyo hiyo wajukuu wa ufundi wao waliweza kuifungua na kuisimamisha upya.