Sharti na Tamanio: Sentensi za Masharti za Kiingereza kwa Wanafunzi wa Masisi na Walikale

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Masisi au Walikale, katika jimbo la Kivu Kaskazini, hukutana na Kiingereza akiwa tayari ana lugha kadhaa kinywani. Nyumbani huzungumza Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga au lugha nyingine ya jirani. Sokoni na safarini hutumia Kiswahili. Darasani husomeshwa kwa Kifaransa, ambacho Katiba ya mwaka 2006 inakitaja kuwa lugha rasmi, huku Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Haja ya Kiingereza imeongezeka, hasa tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipopata uanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2022.

Makala haya yanachunguza eneo moja la sarufi linalowatatiza wanafunzi hao, yaani sentensi za masharti na za kutamani. Hoja yetu ni kwamba makosa yao mengi yana mantiki: kila kosa ni kanuni sahihi ya lugha nyingine iliyohamishiwa mahali pasipo pake.

2.0 Daraja tatu za sharti

(a) Sharti linalowezekana. Tutazame mfano huu: Mvua ikinyesha, lori halitafika Walikale. Kwa Kiingereza husemwa: "If it rains, the lorry will not reach Walikale." Kiambishi -ki- hakibebi wakati ujao, na kishazi cha sharti cha Kiingereza nacho huukataa. Hapa lugha mbili zinakubaliana. Lakini katika mazungumzo ya Kivu neno kama limechukua sehemu kubwa ya kazi ya -ki-, na mtu husema: Kama atakuja, nitamwambia. Ndipo tunapopata kosa la "If he will come, I will tell him", badala ya "If he comes". Mwalimu anayewarudisha wanafunzi kwenye akija huwa amemaliza nusu ya somo.

(b) Sharti lisilo halisi sasa. Mfugaji wa Masisi asiye na ng'ombe husema: Ningekuwa na ng'ombe wawili, ningetengeneza jibini. Kwa Kiingereza: "If I had two cows, I would make cheese." Mwanafunzi huuliza, na ana haki ya kuuliza: ng'ombe hao walikuwapo lini? Hawakuwapo kamwe. Umbo la wakati uliopita halionyeshi hapa siku zilizopita. Linaonyesha umbali kati ya maneno na hali halisi. Kwa sababu Kiswahili huweka -nge- katika vishazi vyote viwili, mwanafunzi huandika "If I would have two cows". Dawa yake ipo katika Kifaransa alichokwisha kujifunza: "Si j'avais deux vaches, je ferais du fromage." Kifaransa nacho hutumia umbo la wakati uliopita baada ya neno la sharti, na hali ya masharti huiacha kwa kishazi kikuu.

(c) Sharti lililokwisha kupita. Daraja lisingalivunjika, tungalifika jana. Kwa Kiingereza: "If the bridge had not collapsed, we would have arrived yesterday." Vitabu vya sarufi hutenga -nge- kwa wakati uliopo na -ngali- kwa wakati uliopita. Wasemaji wengi, wa pwani na wa bara, hawaufuati mpaka huo. Ningejua huweza kuhusu leo au mwaka jana, na muktadha ndio huamua. Kiingereza hakimwachii msikilizaji kazi hiyo: "If I knew" ni ya sasa, "If I had known" ni ya zamani.

3.0 Tamanio

Katika kutamani, mlango ulio wazi na mlango uliofungwa hutengwa kwa uchaguzi wa kitenzi. Jambo linaloweza kutokea huelezwa kwa "hope": "I hope he will come", natumaini atakuja. Kitenzi "wish" kikifuatwa na kishazi hutangaza kwamba mambo sivyo yalivyo:

"I wish I knew the way": Laiti ningeijua njia.
"I wish he had come": Laiti angalikuja.
"I wish the rain would stop": Laiti mvua ingekoma.

Kosa la "I wish he comes" lina mizizi miwili. Kiswahili husema natamani aje, na Kifaransa "je souhaite qu'il vienne". Zote mbili huacha mlango wazi. Neno laiti ndilo linalolingana na "wish" ya namna hii, nalo hufaa kufundishwa kwanza. Ikumbukwe tu kwamba "wish" ikifuatwa na mtu na nomino ni dua: "We wish you a good journey", tunakutakia safari njema.

4.0 Uzito wa jambo hili

Huenda msomaji akaona haya ni mambo ya daftari tu. Masisi na Walikale ni maeneo ambayo watu wengi wamehamishwa makwao na vita, na maneno yao mara nyingi huwafikia wageni kupitia kwa mkalimani. Chukulia mkulima asemaye: Tungekuwa na mbegu, tungelima. Mkalimani akisema "If we have seeds, we will farm", msikilizaji ataelewa kwamba huenda mbegu zipo. "If we had seeds" humwambia kwamba hazipo. Au mama asemaye: Wangalituonya, tungalikimbia. Ikitafsiriwa "If they warned us, we would flee", ushahidi wa jambo lililotendeka umegeuzwa kuwa dhana tupu. Kwamba hawakuonywa, na kwamba hawakukimbia, vyote vimepotea kwa sababu ya umbo moja la kitenzi.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza mwalimu aanze na maswali mawili kabla ya kutaja kanuni yoyote: Je, jambo hili laweza kutokea? Je, wakati wake umekwisha pita? Wanafunzi wajibu kwa Kiswahili, wakitenganisha -ki-, -nge- na -ngali- kwa makusudi, kisha ndipo waingie katika Kiingereza, Kifaransa kikiwa shahidi. Kwa njia hiyo lugha alizo nazo mwanafunzi zitakuwa ngazi ya kupandia, naye atajifunza pia kuitazama upya sarufi ya Kiswahili chake.