Tairi la Pikapu ya Fildi: Soma Ubavu Kabla ya Kusoma Bei

Kila fildi ikikaribia, maswali darasani ni yale yale: posho inatoka lini, mahema yako mangapi, nani anapika. Mwaka huu nimeongeza swali ambalo wenzangu wameliona la ajabu kidogo. Matairi gani?

Pikapu ya idara yetu ya jiolojia, Hilux ya milango minne, imemaliza matairi yake. Kashata za nyuma zimelika karibu kuwa kipara na spea ina ufa ubavuni. Nukuu tatu za bei zimeletwa, na mimi kama mwakilishi wa darasa niliomba nizione. Ile ya bei nafuu kuliko zote imeandikwa hivi tu: "Tairi 4 za pikapu, inchi 17." Basi. Hayo hayatoshi kununulia tairi, kama ambavyo "kitabu kimoja, kurasa 300" haitoshi kumtuma mtu akuletee kitabu cha kozi. Ngoja nieleze, maana gari hilo ndilo litakalotubeba sisi na mawe yetu.

Tuanze na maandishi ya ubavuni. Tairi lililokuja na gari letu limeandikwa 265/65R17 112S. Hiyo 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 172 na kidogo. R ni radiali, namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Kwa hiyo "inchi 17" ya kwenye nukuu inatuambia ringi tu. Tairi la pikapu na tairi la gari la familia la kwendea sokoni yote mawili yanaweza kuwa ya inchi 17, na yote yakaingia kwenye ringi bila fundi kulalamika.

Wengi huishia kwenye saizi. Mimi naona nambari yenye uzito wa kweli, kwa maana zote mbili, ni ile 112. Ni namba ya mzigo. Haisomwi kama kilo moja kwa moja, ina jedwali lake: 104 ni kilo 900 kwa tairi moja, 112 ni kilo 1,120, 120 ni kilo 1,400. Herufi inayofuata ni mwendo. S ni kilomita 180 kwa saa, na kwa barabara tunazopita fildi hiyo si ya kutunyima usingizi.

Sasa twende kwenye bodi. Gari likiwa tupu, sehemu kubwa ya uzito iko mbele kwa sababu injini iko huko. Ukipakia, karibu kila kilo ya bodi inaangukia ekseli ya nyuma. Kwa hiyo usizidishe namba ya mzigo mara nne ukafurahi. Zidisha mara mbili, uangalie nyuma peke yake. Matairi mawili ya 112 yanabeba kilo 2,240. Mawili ya 104 yanabeba kilo 1,800. Tofauti ni kilo 440. Si unajua ndoo ya lita 20 ikijaa vipande vya mawe inavyokata mikono? Hiyo ni kama kilo 30. Ndoo 15 ni kilo 450, na hapo hujahesabu pipa la maji la lita 200, jenereta wala mahema. Yaani tofauti ya namba moja ndogo ubavuni ni sampuli za darasa zima.

Tairi lililozidiwa uzito mara nyingi halilalamiki papo hapo. Ubavu wake unajikunja kupita kiasi kila linapozunguka, kujikunja kunazaa joto, na joto ndilo linaloachanisha mpira na nyuzi za ndani. Halafu mnasikia limepasuka kwenye lami iliyonyooka, mchana wa jua, mtu anasema ni bahati mbaya. Upepo mdogo unaleta joto lile lile hata bila mzigo mkubwa.

Kuna matairi yanayoanza na herufi LT, yametengenezwa kwa malori madogo. LT265/65R17 hupatikana likiwa na 120/117: namba ya kwanza ni tairi likiwa peke yake kila upande, ya pili ni pale matairi mawili yanapofungwa pamoja upande mmoja. Mengine yanaonyesha uimara kwa PR, kama 8PR au 10PR. Zamani hiyo ilikuwa hesabu ya tabaka za nyuzi. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu, usitegemee kukuta tabaka kumi ndani. Kwa gari la fildi ningechagua LT bila kusita, hasa kwa ajili ya mawe makali yanayochana ubavu. Ila lina masharti. Linarusha abiria gari likiwa tupu, na linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito ule ule. Kibandiko cha kwenye mlango wa dereva kinatoa kipimo cha upepo kwa tairi la awali. Ukifunga LT ukaendelea na kipimo kile kile, utakuwa umelipia uimara ambao huupati. Nunueni na geji jamani, maana kupiga tairi teke si kipimo.

Kuhusu kashata: HT ni za lami, hazina kelele na hazili mafuta sana, MT ni za matope, zina meno makubwa, ila kwenye lami yenye maji hazishiki vizuri na zinaisha haraka, AT ziko katikati. Vijana tunapenda MT kwa sababu ya picha. Safari zetu ni lami kwa saa nyingi, halafu changarawe, halafu korongo. AT.

Umri nao uko ubavuni. Tafuta herufi DOT, halafu angalia tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa dukani, na watengenezaji kadhaa wa magari wanashauri tairi libadilishwe likifika miaka 6 hata kama kashata bado ipo. Wanaofikiria mtumba waangalie na kitu kingine: mchoro wa mlima wenye kipande cha theluji ndani, au neno STUDLESS kwenye yale ya Japani. Hayo ni matairi ya majira ya baridi. Mpira wake ni laini makusudi ili usikakamae kwenye barafu. Yalete kwenye joto letu na lami yetu, utaona yanavyoyeyuka kama kifutio.

Kuna waliopendekeza tupandishe saizi iwe 265/70R17. Kipenyo kinatoka milimita 776 hadi 803, gari linanyanyuka kama milimita 13 tu, na spidomita ikisoma 80 unakwenda karibu 83. Haina ubaya ikiwa halikwaruzi bodi ukikata kona, lakini lazima yabadilishwe yote, spea ikiwemo. Hilux yetu ukiingiza 4x4, mbele na nyuma vinafungwa vizunguke sawa. Matairi yenye vipenyo tofauti yatavutana na gia zitaumia. Na kama hela inatosha mawili tu, mapya yafungwe nyuma. Nyuma ikiteleza kwenye mvua, kuirudisha ni kazi kubwa kuliko mbele ikiteleza.

Neno moja kwa ndugu zetu wa idara zenye Land Cruiser za zamani zinazovaa 7.50R16 na tyubu: zile ringi zenye pete ya chuma ni nzuri porini kwa sababu pancha inazibwa kwa vyuma viwili na jasho, lakini pete ikikaa vibaya wakati wa kujaza upepo inaweza kuruka na kuua mtu. Asisimame mtu mbele yake.

Ombi letu tumeliandika upya na liko kwa afisa ugavi: matairi 5, si 4, LT265/65R17, namba ya mzigo isiyopungua 120, AT, yote ya aina moja, yasiyozidi mwaka mmoja tangu kutengenezwa. Ni ghali kuliko ile nukuu ya mstari mmoja, na tumeambiwa huenda siku za fildi zikapungua kutoka 12 hadi 10 kufidia. Darasa limepiga kura, limekubali. Yakishafungwa, dereva akaze tena nati baada ya kilomita 50 hadi 100.